Madame Amekataa Kula

Chadrack, fundi vioo wa Kalundu, ana tabia moja ambayo mke wake ameshaizoea na majirani wameshindwa kuizoea: kila asubuhi, kabla hajanawa uso, huenda sebuleni kuwaamkia samaki. Si samaki wa kupikwa, tafadhali. Ni samaki wanne wenye mistari myeusi juu ya ngozi ya samawati, wanaoishi ndani ya sanduku la kioo lililo refu kuliko meza ya kulia. Kalundu ni bandari ya Uvira, kando ya ziwa, watu wanawajua samaki kwa ladha yao, na mwanamume anayewafuga bila kuwala ni kichekesho cha bure. Hapo mtaani hakuna anayeacha kichekesho cha bure kipite hivi hivi.

Yeye hakujali. Kioo chenyewe alikipata kwenye duka moja lililoingiliwa na maji ziwa lilipopanda. Ukuta ulianguka wote, kioo cha mbele kikabaki kimesimama peke yake bila hata mkwaruzo, na Chadrack alipokiona moyo ulimruka. Akakibeba, akakikata, akaunganisha pande tano kwa silikoni, akapanga mawe aliyoyachagua mwenyewe ziwani. Juu ya bati akafunga sahani ya sola na betri, ili pampu ndogo ya hewa iendelee kupuliza umeme ukikatika, maana umeme wa Uvira tunaujua sote.

Dume wa humo ndani ana nundu kubwa kichwani na mwendo wa kujiona, kwa hiyo Fanny, binti yao wa miaka saba, alimpa jina la Prefe, yaani mkuu wa shule, kwa heshima ya yule wa sekondari ya jirani. Majike ni watatu. Mkubwa wao anaitwa Madame, na habari hii ni ya Madame.

Samaki wa aina hii hatagi akaenda zake. Jike huyaokota mayai yake kwa mdomo na kuyaweka humo humo mdomoni, mpaka yaanguliwe, mpaka watoto wawe samaki kamili wenye mistari yao. Ni wiki nne, pengine tano, na siku zote hizo mama hagusi chakula. Chadrack aliposimuliwa jambo hilo mara ya kwanza na mvuvi Pitchou, aliyemletea samaki hao wakiwa na urefu wa kidole, alidhani anataniwa. Sasa alikuwa ameliona kwa macho yake mara mbili, na mara zote mbili liliishia vibaya. Mara ya kwanza mtu aligonga kioo na Madame akashtuka, akameza kila kitu. Mara ya pili hakuna aliyegonga, lakini akameza tu. Safari ile Chadrack alinuna siku mbili, akakata kioo cha dirisha la mteja kikapungua kwa sentimita nne.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mashavu ya Madame yalikuwa yamevimba, kidevu kimeshuka, na siku ya ishirini ilikuwa imeshapita salama. Chadrack alikuwa anatembea mtaani na tabasamu la mtu anayejua siri. Akimkuta mtu barabarani anamweleza, akipenda asipende. Miaka minne alikuwa ameisubiri siku ya kuwaona watoto wa samaki waliozaliwa ndani ya kioo alichokikata kwa mkono wake, na safari hii aliiona inakuja.

Halafu, siku ya ishirini na mbili, mkewe Annie akamwita akiwa bado ananyoa ndevu.

“Papa Fanny, kuya uone. Ile mayi ya samaki iko nageuka.”

Akaja na povu shavuni. Maji yalikuwa yameingia kijani, kidogo tu, kama yaliyosuuziwa mboga. Kesho yake kijani kikakolea. Siku ya tatu kilikuwa kizito kiasi kwamba Prefe, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa akirudi nyuma kidogo tu anapotea. Na alfajiri ya siku hiyo Chadrack aliona jambo lililomkata maini: Madame alikuwa juu kabisa, karibu na uso wa maji, anahema haraka haraka na mdomo umejaa wanawe. Kijani hicho usiku huvuta hewa ya majini, na samaki asiyeweza kufungua mdomo wake vizuri ndiye anayeumia wa kwanza. Akizidiwa atawatema, au atawameza.

Akatuma ujumbe wa simu Bujumbura. Huko ana rafiki, Nzeyimana, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kampuni iliyokuwa inapeleka samaki hai wa ziwa nje ya nchi. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki, lakini ukimtajia samaki anaacha mteja amesimama. Jibu lilikuja kwa sauti, refu, na kicheko ndani yake.

“Fundi, acha kulia. Hiyo kijani haina uchawi. Ni majani madogo sana, jicho haliwezi kuona moja moja. Inapenda vitu viwili, mwanga na chakula. Tafuta hivyo viwili vinatoka wapi. Na usibadilishe maji yote kwa siku moja, mama atashtuka. Toa ndoo mbili asubuhi, ndoo mbili jioni, basi. Ongeza hewa. Halafu usifuate hawa watu wa video na chumvi yao! Wale wanafuga samaki wa bahari. Yako ni ya ziwa.”

Chadrack akaificha ile pakiti ya chumvi aliyokuwa ameshainunua.

Basi akaanza upelelezi, na mtu huyu akianza upelelezi hana usingizi wala hamu ya kula. Mshukiwa wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amemwekea Annie dirisha jipya sebuleni, kubwa, la kujivunia, na jua la asubuhi likawa linaingia na kulala juu ya aquarium, yaani lile sanduku la samaki. Akaliziba dirisha lote kwa makartoni. Annie alilitazama dirisha lake, akamtazama mumewe, akaenda kazini shuleni. Maji hayakubadilika.

Mshukiwa wa pili alikuwa maji yenyewe. Ilikuwa majira ya mvua, mito ilikuwa inashusha matope ya milimani, na huenda aliyachota maji yaliyobeba mbolea ya mashamba. Hapa Chadrack alifanya jambo ambalo analisimulia mpaka leo kwa madaha. Alichukua chupa tatu za plastiki. Ya kwanza akaitia maji ya ziwa ya akiba kutoka kwenye pipa, ya pili na ya tatu maji ya kijani. Ile ya tatu akaizungushia nguo nzito, zote akazipanga juu ya ukuta wa uani, akakataza mtu kuzigusa. Wakati huo huo akaacha kabisa kuwapa samaki chakula. Prefe na wenzake wangefunga na Madame, wakipenda wasipende.

Baada ya siku tatu alizishusha chupa. Maji ya pipa yalikuwa meupe vile vile. Ya kijani yaliyopigwa jua yalikuwa yamezidi ukijani. Na yale yaliyofunikwa yalikuwa yametulia, kijani kimezama chini kama vumbi, juu maji masafi! Chadrack aliruka. Maji ya ziwa hayakuwa na kosa, giza lilikuwa dawa, na chakula cha hicho kijani kilikuwa ndani ya aquarium yake mwenyewe. Lakini kilitoka wapi, ikiwa siku tatu hajatupa hata punje?

Alirudi sebuleni kuwaza, na hapo ndipo alipogundua kitu cha ajabu zaidi. Samaki waliofunga siku tatu wakimwona bwana wao huja mbio mpaka kwenye kioo. Prefe alimtazama, akageuka, akaenda zake. Huyo hakuwa samaki mwenye njaa. Huyo alikuwa samaki aliyeshiba akavimbiwa.

Chadrack alitoa sponji ya kuchujia maji, akaikamua ndani ya ndoo. Ukatoka ute wa rangi ya udongo, mzito, unaonata vidoleni. Akanusa. Akanusa tena. Kisha, na sitamficha, akaonja. Ulikuwa uji. Uji wa masoso, ule wa soya, mtama na mahindi vilivyosagwa pamoja, uliochacha, na ulikuwa umetiwa sukari.

Sasa lazima niseme ni nani walikuwa ndani ya nyumba ile. Annie na Fanny huondoka saa moja asubuhi kwenda shule, mmoja kufundisha na mwingine kufundishwa. Chadrack naye huondoka. Anayebaki, tangu majuma matatu, alikuwa Mama Pélagie, mama yake Annie, aliyekuja kutoka kijiji cha Mutarule, huko uwandani, kutibiwa goti. Na kwa desturi ya kabila lao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Huyu akiingia, yule anatoka. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyokimbiana. Chadrack akiwa sebuleni, Mama Pélagie alikuwa jikoni uani. Chadrack akitoka, sebule ilikuwa yake, na samaki walikuwa wake.

Mtu unaweza kugombana na jirani, na chifu wa kata, hata na mchungaji, lakini kumwambia mama mkwe kwamba umeona uji wake! Na kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu, awakorogee samaki uji na kuutia sukari? Jioni ile hakumwambia hata Annie. Aliamua kuwahi tiba kwanza, kesi baadaye. Nzeyimana alikubaliana naye: afunike aquarium gubigubi kwa siku nne, mwanga usiingie hata kidogo, na pampu isisimame hata dakika moja.

Asubuhi, kabla kuku hawajashuka, Chadrack alichukua shuka jeusi, akalifunika sanduku lote la kioo mpaka chini, akalibana kwa mawe pembeni. Akatoka kwenda kazini kwa mguu mwepesi. Alikuwa hajafika hata njia panda alipokumbuka kwamba kalamu yake ya kukatia vioo imebaki, akarudi. Akiwa mlangoni akasikia kilio.

“Yoo! Yoo, mama weee! Mwana wa benyewe amekufa! Banamufunika!”

Alikuwa Mama Pélagie, amepiga magoti mbele ya shuka jeusi, goti bovu na goti zima, mikono kichwani. Pembeni yake sakafuni kilikuwa kikombe cha uji, bado unatoa moshi. Annie alikuja mbio kutoka uani na khanga imefungwa nusu. Majirani wawili walikuwa tayari wamechungulia mlango wa uani, maana kilio cha msiba hakiulizi ni nani aliyekufa.

“Mama, ni kitu gani? Nani amekufa?”

“Huyu mzazi! Minye nilimupatia buyi kila asubuhi, kakombe kamoja tu. Niliona anakatala kula. Batoto bamejaa mu kinywa, na muko namuangalia tu! Munyumba ya mwanangu, mwenye kuzaa afe na njaa? Pengine sukari ilikuwa kidogo.”

Jirani mmoja aliangua kicheko, akaondoka na habari yake mbio mbio kabla haijapoa. Annie naye alianza kucheka, kisha hakucheka tena, kwa sababu mama yake alikuwa bado analia.

“Weye ulizaa barabara imefungwa,” Mama Pélagie alisema, na sasa hakuwa anasema habari za samaki. “Nilisaga unga wako. Nikaufunga mu kitambaa, nikatembea mpaka kwa kizuizi, bakanirudisha. Mara tatu, Annie. Ulizaa mwana wako wa kwanza, hakuna muntu wa kwenu wa kukushikia kikombe. Ule unga uliingia badudu, minye niko nauangalia.”

Chadrack alikuwa amesimama nje ya pazia la mlango, kalamu ya vioo haikumbukwi tena. Alijua habari za barabara ile. Siku zile za vita uwandani hakuna aliyepita, naye ndiye aliyempeleka Annie hospitali kwa pikipiki, akampikia mwenyewe uji ulioungua. Hakujua habari za unga. Hasira yote aliyokuwa ameikusanya juu ya sponji ile ilimwishia pale pale, akaona haya kwamba alikuwa nayo.

Hakuweza kuingia. Akakohoa.

“Mama Fanny,” aliita kupitia pazia, “umwambie Mama kama Madame hajakufa.”

“Amesikia,” alisema Annie, aliyekuwa katikati yao, hatua tatu kwa huku na hatua tatu kwa huku.

“Umwambie nilimufunika juu ya kufukuza ile kijani. Na ile buyi, Madame hakuikula, kinywa chake kimejaa. Ni Prefe na wale wawili ndio banakula. Yenye inabaki inaoza, kijani inakula nayo inanenepa.”

Mama Pélagie alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. Kisha akasema, akiuelekea ukuta, “Annie, umuulize bwana yako, batoto bako bazima?”

Chadrack alilisogelea pazia. “Umwambie sijui. Ni siku nne mu giza. Tukifunua ndipo tutajua.”

Mama Pélagie alikivuta kigoda chake, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa sebule, akaketi. Kwa siku nne hakuna aliyeligusa shuka lile isipokuwa Chadrack. Fanny alijaribu, akarudishwa. Mchungaji alikuja kumwombea mgonjwa wa goti, akanyoosha mkono aone kilichofunikwa, akaambiwa aketi na aombe kwa sauti ndogo. Chadrack alipoingia kuvuta uchafu wa chini kwa mpira mwembamba na kubadilisha ndoo zake mbili, bibi alihamisha kigoda kwenda uani, na Chadrack alipomaliza, kigoda kilirudi. Sponji aliiosha ndani ya maji yale yale ya aquarium, kama Nzeyimana alivyomwagiza, kwa sababu maji ya bomba yana dawa inayoua vijidudu vizuri vinavyosafisha. Alifanya yote gizani, chini ya shuka, kwa kupapasa, na hakuthubutu kuchungulia. Usiku alilala macho wazi akisikiliza pampu.

Jumapili, baada ya ibada, alilifunua.

Maji yalikuwa masafi! Yalikuwa masafi mpaka ungeweza kuona punje ya mchanga, mpaka mawe yalionekana kama yamewekwa jana. Chadrack alipiga kelele moja ya ushindi iliyosikika mpaka gatini. Prefe alijitokeza na nundu yake, amekasirika. Majike wawili wakafuata. Kisha akatokea Madame, polepole, kutoka nyuma ya jiwe kubwa, na Chadrack akausogelea kioo kumtazama usoni.

Mashavu yalikuwa bapa. Kidevu kimepanda. Mdomo ulikuwa mtupu.

“Amebameza,” alisema. Aliketi sakafuni pale pale na suti yake ya kanisani. “Mara ya tatu. Amebameza wote.” Annie alimwekea mkono begani. Miaka minne, makartoni dirishani, chupa tatu, siku nne za giza. Chadrack alihisi machozi yanamjia, na hakujitahidi kuyazuia.

“Papa Fanny!”

Sauti ilitoka kizingitini, ambako safari hii kigoda hakikuhama. Tangu Chadrack amwoe Annie, Mama Pélagie hakuwa amemwita hata mara moja. Alikuwa kwenye kigoda chake kifupi, macho yake kwenye usawa wa chini ya kioo, na kidole chake kimenyooka.

“Chini ya jiwe! Uangalie chini ya jiwe, muntu wa Mungu!”

Chadrack akalala kifudifudi. Chini ya jiwe, kwenye kivuli, palikuwa na samaki mmoja mwenye urefu wa ukucha wa kidole gumba, mistari yake yote imekamilika kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Nyuma yake akatokea mwingine. Kisha kundi, kumi, kumi na watano, wanatetemeka mikia, wanautazama ulimwengu. Alipiga ukelele ambao hata Prefe aliukimbia. Annie alipiga vigelegele, Fanny aliruka mpaka kiatu kikamtoka, na Mama Pélagie, bila kukumbuka goti wala heshima, alikuwa ameshaingia, yuko bega kwa bega na mkwe wake, pumzi yake inaweka ukungu juu ya kioo. Hapo Madame alifungua mdomo, na wadogo wote wakaingia ndani kwa mkupuo.

“Anabakula!”

“Hapana, Mama, anabaficha. Tumemutisha. Utaona, atabatoa tena.”

Akawatoa tena, mmoja baada ya mwingine, na wote wanne wakawahesabu kwa sauti, wakakosea, wakaanza upya. Walikuwa kumi na tisa. Mama Pélagie aliuliza kama sasa mzazi anaweza kula. Chadrack akampa punje chache za chakula, akamwonyesha kiasi kinachotosha, naye akazidondosha mwenyewe, moja moja, huku anamsifu Madame kwa Kifuliiru. Madame alikula zote.

Annie alikuwa ameketi kwenye kiti, anawatazama hao wawili ambao hawakuwahi kukaa chumba kimoja.

“Mama,” alisema, “unga ule wa masoso umebaki?”

“Uko. Juu ya nini?”

“Na minye nilizaa.”

Mama Pélagie alitoka kwenda jikoni, akachechemea haraka kuliko daktari alivyomruhusu, na wakasikia sufuria inashushwa. Aliupika uji wa siku ile polepole, mzito, na maziwa, na sukari ya kutosha. Akauleta kwa mikono miwili, akapiga goti lile zima mbele ya kiti cha mwanawe, akamshikia kikombe. Annie alikunywa bila kupumzika mpaka mwisho, akajifuta mdomo, akakinyoosha kikombe aongezwe.